Njia ya Kivuli



Jua linapopatwa, lenyewe halipatwi na lolote. Halipoi, halipungui. Liko umbali wa kilomita milioni 150 na linawaka vilevile lilivyowaka jana. Kinachotokea kinatokea huku kwetu: kivuli cha mwezi kimefika ardhini na kinapita juu ya mashamba, maziwa na mapaa ya nyumba. Aliye ndani ya kivuli kizito anaona giza likiingia mchana kweupe. Aliye nje yake, pengine mwendo wa saa chache tu kwa basi, anaendelea kuanika mpunga wake juani. Nimesikia mambo haya yakielezwa kwa maneno mazito na michoro mingi, lakini naona swali moja linatosha kuyafungua yote: kivuli kiko wapi, na kinakwenda wapi?

Tuanze na vipimo, kwa sababu michoro ya vitabu vya shule inapotosha. Jua, dunia na mwezi vimebanwa kwenye ukurasa mmoja, na mtoto anaondoka akiamini kwamba vimekaribiana. Hebu tuvipange upya. Chukueni chungwa lenye upana wa sentimita 8, tuliite dunia. Kwa kipimo hicho mwezi ni gololi kubwa yenye upana wa sentimita 2 na kidogo, nayo inakaa umbali wa takriban mita 2 na nusu. Yaani nikilishika chungwa hapa mbele, gololi iko mkononi mwa yule kijana wa safu ya pili. Na jua? Jua ni mpira wenye upana wa karibu mita 9, usioweza kuingia kwa mlango wowote wa ukumbi huu, nao uko karibu kilomita moja kutoka hapa tulipo. Sehemu kubwa ya picha hiyo ni nafasi tupu.

Ndani ya picha hiyo kuna sadfa moja ambayo bado inanishangaza. Upana wa jua ni takriban mara 400 ya upana wa mwezi. Na jua liko mbali nasi takriban mara 400 kuliko mwezi. Matokeo yake ni kwamba, tukivitazama angani, vyote viwili vinalingana, kila kimoja nusu ya digrii. Hakuna kanuni ya fizikia inayolazimisha iwe hivyo, na haitabaki hivyo daima. Wanaanga wa safari za Apollo waliacha mwezini vioo vya kurudisha miale ya leza, na kwa vioo hivyo imepimwa kwamba mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Baada ya miaka milioni 600 hivi utakuwa umesogea mbali kiasi cha kuonekana mdogo mno, usiweze tena kulifunika jua lote. Sisi tumezaliwa katika kipindi ambacho vipimo vinakubaliana.

Sasa tukifuate kivuli chenyewe. Kwa kuwa jua ni kubwa kuliko mwezi, kivuli kizito cha mwezi kinazidi kuwa chembamba kadiri kinavyoenda mbali, hadi kinaishia kwenye ncha. Urefu wake ni kama kilomita 375,000. Umbali wa wastani kati yetu na mwezi ni kilomita 384,400. Linganisheni namba hizo mbili: kwa wastani, ncha ya kivuli inaishia angani bila kutugusa. Lakini njia ya mwezi si duara kamili. Kuna siku mwezi unasogea karibu hadi kilomita 356,000 na ushei, na kuna siku unaenda mbali hadi kilomita 406,000 na ushei. Ukiwa karibu, ncha inafika ardhini. Kwenye chungwa letu, mguso huo ni doa lenye upana wa milimita moja, au moja na nusu. Walio ndani ya doa hilo peke yao ndio wanaoona jua limefunikwa lote. Katika dunia halisi doa hilo kwa kawaida halizidi kilomita 270 kwa upana, na mara nyingi ni dogo zaidi. Kulizunguka kuna kivuli chepesi kinachoenea kwa maelfu ya kilomita, na walio ndani ya kivuli hicho wanaona jua limemegwa upande mmoja tu.

Doa hilo halitulii. Mwezi unalivuta kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 3,400 hivi kwa saa. Dunia nayo inazunguka upande huohuo, na hapa kwetu Ikweta ardhi inakwenda kilomita 1,670 kwa saa. Toeni namba moja kwenye nyingine mtaona kwamba kivuli kinatupita kwa mwendo wa kama kilomita 1,700 kwa saa. Huo bado ni mwendo unaoshinda ndege yoyote ya abiria iliyopo leo, lakini ni nusu tu ya ule ambao kingekuwa nao kama ardhi ingesimama. Kwa hiyo sisi watu wa ukanda wa joto tuna upendeleo ambao wengi hatuujui: giza la kupatwa kwa jua linaweza kudumu kwetu kuliko linavyodumu Ulaya au Kanada, kwa sababu ardhi yetu inakimbia pamoja na kivuli. Hata hivyo haliwezi kuzidi dakika saba na nusu hivi, popote pale.

Mtu ataniuliza: kama mwezi unapita kati yetu na jua kila baada ya siku 29 na nusu, mbona jua halipatwi kila mwezi? Tulirudie chungwa letu. Njia ya mwezi imeinama kwa digrii 5 hivi ukiilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua. Kwa kipimo chetu, gololi inaweza kupita sentimita 20 juu ya mstari unaounganisha chungwa na ule mpira mkubwa, au sentimita 20 chini yake. Chungwa zima ni sentimita 8. Kwa hiyo miezi mingi kivuli kinapita juu yetu au chini yetu na kupotelea angani, wala hakuna anayejua. Njia hizo mbili zinakatana mahali pawili tu, na jua linafika kwenye usawa wa mikatano hiyo kila baada ya siku 173 hivi. Hapo ndipo panapofunguka msimu wa kupatwa, wa majuma matano hivi, halafu unafungwa. Kila mwaka jua hupatwa mara mbili angalau, na haliwezi kuzidi mara tano, lakini sehemu kubwa ya dunia ni bahari, na vivuli vingi vinawapitia samaki. Mtu akikaa mahali pamoja bila kuhama, kwa wastani atangoja miaka kama 375 ili kivuli kizito kimfikie.

Wavuvi wa pwani yetu wana sehemu ya elimu hii tayari. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa siku ambazo mwezi hauonekani, kabla tu ya kuandama. Mwezi nao haupatwi isipokuwa ukiwa mpevu, tarehe 14 au 15 kwa hesabu ya Kiislamu. Nyakati zote hizo mbili jua, mwezi na dunia vimejipanga mstari mmoja au karibu na mmoja, na ndizo nyakati za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Mzee wa Pangani au Lamu akikwambia leo ni maji mafu, amekwambia pia, bila kufungua kitabu chochote, kwamba leo hakuna kinachopatwa angani.

Niwapeleke Rujewa. Tarehe 1 Septemba 2016, katika mji huo wa wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, watu walikusanyika kutoka pande nyingi kutazama jua. Siku hiyo mwezi ulikuwa upande wa mbali wa njia yake, na ncha ya kivuli haikufika chini. Mwezi ulijipanga katikati kabisa ya jua, lakini ulifunika asilimia 97 tu ya upana wake, na pembeni ikabaki pete ya mwanga mkali. Pete hiyo ilidumu kama dakika 3. Mahali ambapo kupatwa kwa siku hiyo kulifikia kilele, kwa hesabu ya dunia nzima, palikuwa kusini mwa Tanzania.

Wengine waliondoka pale wakinung'unika kwamba walitegemea giza na hawakuliona. Malalamiko hayo yana jibu zuri. Pete ile, nyembamba kama ilivyokuwa, ni sehemu ya 20 hivi ya uso wa jua, na jua lililobakiwa na sehemu ya 20 bado linaangaza mara maelfu kupita mwezi mpevu. Jicho nalo linajirekebisha polepole, halikuambii ni kiasi gani cha mwanga kimeondoka. Unaanza kuhisi ngozini kwanza, joto likipungua, kisha unaona rangi za vitu zimefifia na kivuli chako mwenyewe kimekuwa na kingo kali kuliko kawaida.

Na aliyekuwa chini ya mti siku hiyo aliona jambo ambalo walio uwanjani, nyuso zikiwa zimeelekea juu, walilikosa. Siku zote mwanga unaopenya kwenye majani ya mwembe unachora viduara chini. Tumezoea kudhani viduara hivyo vina umbo la matundu ya majani. Sivyo. Kila tundu dogo linatupa chini picha ya jua, na picha hiyo ni ya mviringo kwa sababu jua ni la mviringo. Jua likianza kumegwa, viduara vyote chini ya mwembe vinamegwa. Vinakuwa hilali, mamia kwa mamia, zote zimegeukia upande mmoja, zikitikisika upepo unapovuma. Pete ikikamilika juu, ardhi nayo inajaa pete. Ukitaka kuwaonyesha watoto bila mti, shika chujio la chai juani na utazame kivuli chake ukutani.

Miaka mitatu kabla ya Rujewa, tarehe 3 Novemba 2013, watu wa Pakwach, kando ya Nile huko kaskazini mwa Uganda, walipata kile ambacho Rujewa haikukipata. Siku hiyo ncha ya kivuli ilikuwa inaparaza uso wa dunia. Ilianza magharibi, baharini, ikiwa fupi kidogo, kisha ikafika ardhini kwa sababu mgongo wa dunia uliinuka kuipokea. Ikavuka Gabon na Kongo, ikafika Uganda jioni, ikapita kaskazini mwa Kenya kwenye Ziwa Turkana, kisha ikaendelea Ethiopia na Somalia. Giza kamili la Pakwach lilihesabiwa kwa sekunde tu, lakini tofauti kati ya jua lililofunikwa asilimia 97 na jua lililofunikwa lote haipimwi kwa dakika.

Mtu aliye ndani ya kivuli kizito anaona nini? Dakika za mwisho mwanga unakuwa wa rangi ya kijivu isiyofanana na ya jioni, kwa sababu jioni ina wekundu na huu hauna. Ndege wanarudi kwenye viota, kuku wanaelekea bandani. Upande wa magharibi anga linaingia giza kana kwamba mvua kubwa inakuja, na hicho ndicho kivuli chenyewe kinakuja. Ukingoni mwa mwezi mwanga unakatika vipande vipande, kwa sababu ukingo huo una milima na mabonde, na miale ya mwisho inapenya mabondeni. Kinabaki kipande kimoja kinachong'aa. Kisha kinazimika, na kulizunguka tundu jeusi mahali jua lilipokuwa inaonekana taji nyeupe, laini, yenye nyuzi zinazonyooka mbali. Ile ni hewa ya nje ya jua. Ipo daima, lakini uso wa jua ni mkali mno na unaificha. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Taji hiyo ina zaidi ya milioni moja. Jinsi nje kunavyoweza kuwa na moto mkali kuliko ndani ni moja ya hoja ambazo wanafizikia wa jua wanazifanyia kazi hadi leo.

Elimu nyingine kubwa imetoka katika dakika hizo chache za giza. Mwaka 1868, jua lilipopatwa India, Mfaransa Jules Janssen aliupima mwanga wa kingo za jua kwa chombo cha kuuchambua rangi. Mstari wa njano ulioonekana katika mwanga wa jua mwaka huo haukulingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Ilikuwa heli, na haikupatikana katika ardhi yetu hadi mwaka 1895. Gesi tunayojazia maputo ilitambuliwa kwenye jua kwanza.

Hapa inanibidi niseme habari za macho, na nazisema kwa uzito wote. Utando wa ndani ya jicho unaopokea picha hauna mishipa ya maumivu. Unaweza kuungua huku mwenyewe unatabasamu, na ukagundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila unachokitazama pana doa. Mara nyingi doa hilo haliondoki. Filamu ya eksirei haifai. Kioo kilichopakwa masizi hakifai, wala sidii, wala miwani ya kawaida ya jua hata iwe nyeusi vipi. Beseni la maji, ambalo wengi wetu tulifundishwa utotoni kulitumia, nalo si salama. Tumieni miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, na isiwe imechubuka. Anayekosa miwani ageuze mgongo: atoboe karatasi ngumu kwa pini, aache mwanga upite, na atazame picha ya jua kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa chini. Jua linaweza kutazamwa kwa macho matupu katika zile dakika tu ambazo limefunikwa lote. Likiwa pete, kamwe.

Mwezi unapopatwa hakuna hatari yoyote, na mambo yanageuka: sasa kivuli ni chetu. Dunia inasimama kati ya jua na mwezi, na mwezi unaingia katika kivuli cha dunia. Kivuli hiki ni kikubwa. Pale mwezi unapokatiza, upana wake ni kilomita 9,000 hivi, zaidi ya mara mbili na nusu ya upana wa mwezi wenyewe. Ndiyo maana mwezi unaweza kukaa ndani yake zaidi ya saa nzima, na ndiyo maana kila mtu aliye upande wa usiku wa dunia anauona umepatwa, kuanzia Bujumbura hadi Muscat, bila kusafiri.

Wengi wenu mliuona usiku wa tarehe 27 Julai 2018. Kwa saa za Afrika Mashariki uliingia wote kivulini saa nne na nusu usiku na haukuanza kutoka hadi saa sita na dakika 13. Dakika 103 hizo ndizo ndefu kuliko zote za karne hii. Sayari ya Mirihi ilikuwa jirani yake usiku huo, iking'aa kwa wekundu wake, na mwezi nao ulikuwa mwekundu. Septemba 7, 2025 tuliuona tena, mapema usiku, hata watoto wa shule walikuwa bado macho.

Kwa nini mwekundu, wakati kivuli kinapaswa kuwa cheusi? Kwa sababu dunia ina hewa. Mwanga wa jua unaopita ukingoni mwa dunia unapindishwa na hewa hiyo hadi ndani ya kivuli, na njiani rangi ya buluu imekwisha kutawanywa, ukabaki wekundu. Ni wekundu uleule wa machweo. Kama mmoja wetu angekuwa amesimama mwezini saa hizo, angeiona dunia ikiwa nyeusi mbele ya jua, imezungukwa na pete nyembamba nyekundu, na pete hiyo ni macheo na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja. Mwanga wa pete hiyo ndio tunaouona umelala juu ya uso wa mwezi.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya nikubali mwaliko huu.

Kuna ratiba. Wababeli waliandika habari za kupatwa kwa vizazi na vizazi, wakaona kwamba baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, jambo lilelile linajirudia. Sababu yake ni ya hesabu tupu. Katika muda huo mwezi umepita kati yetu na jua mara 223 kamili. Umerudi pia mahali palepale ambapo njia yake inakatana na njia ya dunia, mara 242 karibu kamili. Na umerudi katika umbali uleule kutoka kwetu, mara 239 karibu kamili. Saa tatu zenye mapigo tofauti zinakutana kwenye alama moja. Kwa hiyo kivuli kinarudi kikiwa na umbo karibu lilelile. Lakini zile saa 8 zinaifanya dunia igeuke theluthi moja zaidi, hivyo kivuli kinachorudi kinaangukia theluthi moja ya dunia upande wa magharibi. Subirini mizunguko mitatu, miaka 54 na mwezi mmoja, theluthi tatu zinatimia na kivuli kinarudi upande uleule wa dunia, kimesogea kaskazini au kusini kidogo.

Wekeni hesabu hiyo kwenye ramani ya Afrika. Tarehe 29 Mei 1919 kivuli kilivuka kutoka Amerika ya Kusini, kikapita kisiwa cha Príncipe, na hapo Arthur Eddington na Edwin Cottingham walikuwa wanakingoja na darubini. Wenzao walikuwa Sobral, Brazili. Walitaka kupiga picha nyota zilizo karibu na jua, jambo lisilowezekana ila jua likiwa limefunikwa, ili wapime kama mwanga wake unapinda unapopita karibu na jua kwa kiasi alichokisema Albert Einstein. Mawingu yaliwasumbua Príncipe, lakini picha chache zilipatikana, na matokeo yalipotangazwa London tarehe 6 Novemba mwaka huo jina la Einstein likajulikana dunia nzima. Habari hiyo imo katika kila kitabu cha fizikia. Kisichoandikwa sana ni kwamba kivuli kilekile hakikuishia Príncipe. Kiliendelea siku hiyohiyo kupitia Kongo, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikafika kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, jua likikaribia kuchwa.

Ongezeni miaka 54 na mwezi mmoja. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli cha ukoo huohuo kilirudi Afrika, safari hii kaskazini zaidi, kutoka Mauritania hadi Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf wakati huo. Mahali giza lilipodumu zaidi lilifika dakika 7 na sekunde 4. Wanasayansi waliipanda ndege ya Concorde, wakaruka kutoka visiwa vya Kanari hadi Chad wakikimbizana na kivuli, na wakakaa ndani yake dakika 74. Wengine waliweka vyombo vyao Loiyangalani, ufukweni mwa ziwa, kwenye upepo na joto la nchi ile. Wazee wa Turkana waliokuwa watoto siku hiyo bado wapo, na ingefaa simulizi zao zirekodiwe sasa.

Ongezeni tena miaka 54 na mwezi mmoja. Ni tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kitaingia Afrika kupitia Moroko, kitafuata mwambao wa kaskazini hadi Misri, ambako karibu na Luxor giza litakaa dakika 6 na sekunde 23. Kitavuka Bahari ya Shamu hadi Jidda na Maka, kitapita Yemen, na kitagusa kaskazini mwa Somalia kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Wenzetu wengi wanaofanya kazi Saudia watakuwa ndani yake. Sisi huku tutakuwa katika kivuli chepesi: mchana wa siku hiyo jua litamegwa, zaidi Kenya ya kaskazini, na kwa kiasi kinachopungua kadiri unavyoshuka kusini. Na tarehe 21 Mei 2031, kivuli cha ukoo mwingine kitatuletea pete tena, kupitia Angola, Zambia, Kongo na Tanzania, kabla ya kwenda India ya kusini.

Najua Waislamu waliomo humu watasali siku hizo za kupatwa, na inafaa. Mwana wa Mtume, Ibrahim, alipofariki Madina, jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume aliwakataza. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, na havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Wanafalaki wameihesabu siku hiyo kuwa tarehe 27 Januari 632. Baba aliyefiwa na mwanawe alikataa faraja ya kudhaniwa kwamba mbingu zinaomboleza pamoja naye. Kila ninapoisoma habari hiyo nashindwa kuipita haraka. Anayesali sala ya kusufu akijua mapema dakika ambayo kivuli kitaingia hajapunguza chochote katika ibada yake.

Nina pendekezo kwa walimu. Hipparchus, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, alisikia kwamba siku moja jua lilifunikwa lote katika mlango wa bahari wa Hellespont, na siku hiyohiyo Alexandria lilifunikwa sehemu nne kwa tano. Kutokana na tofauti hiyo tu, na umbali kati ya mahali hapo pawili, alikadiria mwezi uko mbali kiasi gani. Hesabu yake haikukosea sana. Agosti 2, 2027 tunaweza kuirudia. Shule moja ya Lodwar na nyingine ya Dar es Salaam ziko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kila moja itoboe karatasi kwa pini, isimamishe karatasi nyeupe mita 2 nyuma yake, picha ya jua itakuwa na upana wa milimita 18 hivi. Wanafunzi wachore ukingo wa hilali kwa penseli kila baada ya dakika 5, waandike saa, halafu shule hizo zibadilishane michoro. Kitakachofuata ni hesabu ya pembetatu na ramani. Shule zaidi zikijiunga, Moshi, Kigali, Mombasa, Bukavu, ndivyo jibu litakavyokaribia zile kilomita 384,400. Karatasi, pini na rula zinapatikana dukani leo. Anayetaka kuiandikisha shule yake aniachie jina lake hapo mlangoni tukitoka.